Jicho Moja Puani

Ndani ya jumba la maonyesho ya sanaa hapa Sydney nimemkuta nyuma ya kioo, moyo ukanilipuka. Ni yeye! Yule mwigizaji wa michezo ya kale ya Kijapani, amechapwa kwenye karatasi kwa vibao vya mbao: mistari myekundu usoni, vidole vimetanuka, jicho moja limekimbilia puani.

Wa kwetu, nilipokuwa mtoto, alifika nyumbani Mount Druitt ndani ya mfuko wa plastiki. Baba alipewa na mzee wa Kijapani katika makao ya wazee alikofanya kazi. Karatasi ilinuka kabati la zamani. Mama, mtu wa maombi, alirudi nyuma.

"Hilo pepo halilali nyumbani mwangu!"

"Ni mwigizaji, mama watoto. Akifika penye utamu anaganda hivi, na watu wanamshangilia kwa kelele. Tazama."

Baba, bado na sare ya kazi, akazungusha kichwa, akakanyaga sakafu kwa kishindo, akaganda. Jicho likaenda puani. Tukasubiri. Mama aliuma mdomo, mabega yakamtetemeka, kisha kikamtoka kigelegele kirefu mpaka jirani akagonga ukuta. Picha ikatundikwa sebuleni.

Nikamsimulia binti yangu yote hayo palepale mbele ya kioo. Halafu nikazungusha kichwa, nikakanyaga sakafu, nikaganda. Watu ukumbini wakageuka kututazama.

"Mum, people are looking," akanong'ona. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza.

Sikusogea.

Nyuma yangu kikamtoka binti yangu kigelegele, chembamba, cha kujifunza, kisha kikakolea.