Mama Naliaka na Picha ya Nzi

Mimi ni mtu wa domo. Nasema mapema ili usije ukadhani unasimuliwa na mtu wa maana.

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa mfagiaji katika jumba la sinema la Muhindi mmoja, Nakuru mjini. Nilifagia maganda ya njugu, nikapanga viti, nikangoja wateja watoke nifagie tena. Picha nyingi sisi Waafrika hatukuruhusiwa kuziona, ati zingetuharibu akili. Lakini kile kitambaa cha picha kilikuwa na upande wa nyuma, na mimi nina macho mawili. Nilisimama huko nyuma na ufagio wangu nikaziona zote. Aliyeshika bastola kwa mkono wa kulia mimi nilimwona ameshika kwa wa kushoto, lakini nilimwona.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipita mtaa wa Bondeni kunywa uji kwa Mama Naliaka. Jina lake hasa ni Nekoye, Mbukusu, mjane. Mumewe alikufa kwa homa mwaka ule ule walipohamia Nakuru, akamwachia watoto watatu, mkubwa wao Naliaka, msichana wa miaka saba. Uji ndio uliowalisha, uji tu. Ulikuwa wa wimbi, uliochachuka siku mbili, mzito, na ukali kidogo wa kukuamsha. Na usafi wake sasa! Wauzaji wengine walikuwa na ndoo moja ya kuoshea vikombe. Yeye alikuwa nazo tatu, moja ya maji ya majivu, moja ya maji ya moto, ya tatu ya kusuuza, kisha anavifunika kwa kitambaa cheupe ambacho hata mke wa karani hakuwa nacho mezani.

Benchi lake lilikuwa na watu wale wale kila siku. Wanyoike, fundi wa mbao. Saad, muuza nyama, mcheshi lakini mtu wa dini. Na mimi. Nikikaa tu, Wanyoike anaanza.

"Haya, Bwana Sinema. Jana kulikuwa na nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa mfalme. Nilisema picha ya jana ilikuwa upuzi mtupu, jamaa anapiga risasi kumi na mbili kwa bastola ya risasi sita, anadhani sisi hatujui kuhesabu. Nilisema picha za Kihindi ukiona mama mtu anaanza kulia, nenda ukanywe chai, ukirudi utamkuta bado analia. Walicheka mpaka uji ukawamwagikia. Saad alikuwa anasema, "Wallahi huyu angekuwa mhubiri, msikiti ungejaa." Mama Naliaka naye anacheka akinigeuzia mgongo, kisha ananiongezea kikombe cha bure bila kuniuliza. Basi kichwa kikavimba. Nikajiona mimi ndiye mwenye sinema, Muhindi ni mlinzi wangu tu.

Siku moja likaja gari la watu wa picha za afya. Walikuwa Mzungu mmoja wa kaptura, mwenye kamera, na mkalimani wake. Walitaka watu wa kuigiza familia mbili, moja safi na nyingine chafu, ili watu wafundishwe kuhusu nzi. Nilikimbia nyumbani nikavaa tai. Tai! Kwa picha ya nzi! Nikajitokeza mbele, nikajieleza kwamba mimi ni mtu wa sinema, mambo haya nayajua. Mzungu akaniwekea kamera usoni, akaniambia nitembee. Nilitembea. Akatikisa kichwa, akasema kitu. Mkalimani akakitafsiri kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Anasema wewe unaitazama kamera kama unataka kuioa."

Bondeni nzima ilicheka. Halafu yule Mzungu akapita nyuma yangu, akamnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa amesimama na mtoto mgongoni, hajasema neno. Alikuwa Mama Naliaka. Mkalimani akamweleza kando kwamba alitakiwa awe mke wa ile nyumba chafu.

Alikataa kwanza. Akaja kwangu, akanivuta kando.

"Peterson ndugu yangu, mambo haya wewe unayajua. Si aibu? Watu hawatasema mimi niko hivyo?"

"Aibu gani, Mama Naliaka," nikamwambia. "Huo ni mchezo. Hata yule anayeuawa kwenye picha huwa anaamka anaenda kula. Watu watajua ni mchezo."

Alinisikiliza. Akakubali kwa sababu ya neno langu.

Walitupeleka kwa lori mpaka Dundori, kwa sababu walitaka nyumba za nyasi. Nasema walitupeleka, maana mimi pia nilipata kazi, ya kubeba vitu. Nikabeba masanduku yao nikiwa na tai yangu ndani ya mfuko. Na kulikuwa na tatizo, kwamba huko Dundori baridi ni kali na nzi walikuwa hawaji. Mzungu akaagiza sukari guru, ikayeyushwa kwa maji, nikapewa mimi kibati. Nikampaka Naliaka, aliyeigiza mtoto mgonjwa, machoni na mdomoni kwa vidole vyangu hivi. Wakatuweka karibu na zizi la ng'ombe. Nzi wakaja, na mtoto akalia, akawa anasema, "Mjomba Peterson, nitoe." Nikamwambia anyamaze, anaharibu picha.

Na Mama Naliaka! Jamani, yule mama alikuwa na kipaji. Walimwambia aache chungu wazi, apike kwa mikono michafu, amtazame mtoto mgonjwa kama hamwoni. Mtu aliyeosha vikombe mara tatu! Alikaa pale mlangoni amelegea, macho yamekufa, anajikuna. Mzungu alipiga makofi. Mimi nilisimama kando na kibati changu, nikahisi kitu kinanipanda kifuani. Sitakipaka rangi. Kilikuwa kijicho. Mimi naisoma sinema kila siku nyuma ya kitambaa, halafu anachukuliwa muuza uji.

Ilipita kama miezi mitatu, gari la sinema likaja kuonyesha ile picha kwenye kiwanja cha Bondeni. Sasa elewa jambo moja. Watu wa Bondeni hawakuwa wajinga. Lile gari siku zote lilileta mambo ya kweli, maonyesho ya ng'ombe, mechi za mpira, machifu wakikagua shule. Watu walishajiona humo wenyewe. Wanyoike alijiona akishangilia bao, akajitambua kwa kofia. Na siku ile ya tai waliambiwa tu ni picha ya afya, la kuigiza lilisemwa kando. Picha za kuigiza zilikuwa kule kwa Muhindi, na aliyekuwa akiziona huko alikuwa mimi peke yangu. Kwa hiyo Nekoye alipotokea kwenye kitambaa, na chungu wazi, na nzi, na mtoto wake mwenyewe Naliaka akilia macho yamefunga, kiwanja kizima kikanyamaza. Hakukuwa na hata mtu mmoja aliyecheka.

Asubuhi nikaenda kwenye uji kama kawaida. Wanyoike alikuwa amekaa, kikombe kiko mbele yake kimejaa mpaka juu, hajakigusa. Saad alikuwa amesimama. Watu wengine kama sita saba walikuwa wamesimama mbali kidogo wakinong'ona. Mama Naliaka alikuwa anakoroga tu sufuria, anakoroga na haina haja ya kukorogwa.

Saad, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaniuliza wazi wazi mbele yake.

"Peterson, wewe mambo ya sinema unayajua. Ile ya jana ilikuwa kweli ama ni ya kuigiza? Sema tusikie, maana tunakula hapa."

Nekoye akainua macho akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anangoja niseme, watu wacheke, Wanyoike anywe uji wake, na siku iendelee. Mwiko ulikuwa umesimama hewani.

Na kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Tangu siku ile ya tai walikuwa wananiita Bwana Harusi wa Kamera. Sasa walikuwa wamenyamaza tena wakingoja neno langu, kama zamani. Mdomo ukanitangulia.

"Kwani, Saad," nikasema, "kamera ina mdomo wa kusema uongo?"

Wakacheka. Ee, walicheka sana. Wanyoike akamwaga uji wake chini, si kwa hasira, ni kwa mzaha tu, akapiga na mluzi. Mmoja kule nyuma akasema, "Kumbe ule ukali wa uji ni nzi!" Wakacheka tena. Na mimi nikacheka. Nikamtazama Nekoye nikiwa bado nimekenua meno. Akarudisha mwiko ndani ya sufuria polepole, akaanza kuvikusanya vile vikombe vilivyojaa. Ningependa angenirushia ule uji wa moto usoni.

Kesho yake benchi lilikuwa na watu wawili. Wiki iliyofuata hapakuwa na mtu. Aliweka ndoo zake tatu mbele kabisa, barabarani, kila mpita njia azione, akawa anaosha vikombe ambavyo havijanywewa. Ndipo wakasema, mnaona, anajificha kwa kuosha. Mimi nilibadilisha njia ya kwenda kazini. Nilizunguka kwa nyuma, kwenye mtaro, nisipite pale. Nilimwaga unga wa watoto watatu kwa kutaka kuchekewa, halafu nikatembea kwenye mtaro kama mwizi.

Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia. Wanyoike na Saad walikuwa sasa wanakunywa chai kwenye hoteli moja karibu na soko. Nikawafuata huko nikawaambia yote, Dundori, sukari guru, kibati.

"Mimi ndiye niliyempaka yule mtoto. Kwa mkono huu."

Wanyoike akaniangalia. "Kwa hivyo ulitudanganya siku ile, ama unatudanganya leo?"

"Siku ile."

"Na kwa nini umsingizie mama wa watu? Amekukosea nini?"

Hapo sasa. Ilitakiwa niseme kwamba nilimwonea wivu, kwamba mwanaume mzima na tai yake alimwonea wivu mjane kwa kuchaguliwa awe mchafu. Ningesema hivyo wangeniamini. Neno lilifika mpaka kwenye meno nikalimeza.

"Ilikuwa mzaha tu," nikasema.

"Aa, ni ule uji wa bure unakusumbua," Wanyoike akasema, wakacheka. Saad hakucheka. Alimaliza chai yake, akaondoka bila kuniaga, na kutoka siku hiyo hakuniita tena jina lolote.

Mwisho wa mwezi Nekoye alifunga. Nikasikia ameenda Dundori kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la Mzungu, na watoto wamekwenda naye. Kwa Muhindi niliendelea kufagia. Lakini niliacha kusimama nyuma ya kitambaa, na watu wakiniuliza picha ya jana ilikuwaje, nilisema sikuiona.

Ilinichukua mwaka mmoja na nusu kupanda Dundori, na si mbali. Nilikwenda Jumapili. Nikamkuta nje ya nyumba ya kambi ya wafanyakazi, anasuka nywele za Naliaka. Mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka kwa pareto. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Mtu akikukaribisha hivyo, baada ya mambo uliyomtendea, unatamani ardhi ipasuke ikumeze.

Nikamwambia yote bila kukaa. Nikasema hata lile nililolimeza hotelini, la wivu. Nililia, sikatai. Yeye aliendelea kusuka. Nilipomaliza nikadhani sasa atanifukuza, na kweli nilitaka anifukuze.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ya tai nilikuona uso. Nilijua, lakini nilifikiri utapoa."

Ndipo nikakaa kwenye kile kigoda.

Akafunga msuko mmoja, akaanza mwingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona haya kuuliza.

"Peterson, mimi ile picha sijaiona mpaka leo. Usiku ule nilibaki nyumbani, nilikuwa na unga wa kulowesha. Baadaye nani angeniambia? Wewe umeona picha nyingi. Niambie tu ukweli. Niliigiza vizuri?"

Zaidi ya mwaka mzima! Watu elfu nzima walimwona, wakamhukumu, wakamkimbia, na hakuna hata mmoja aliyemwambia neno hilo moja alilolitaka. Na mimi, mtu wa maoni, niliyetoa maoni juu ya kila picha iliyopita Nakuru, hata ya bastola ya risasi sita, nami sikumwambia.

"Mama Naliaka," nikasema, "katika picha zote nilizoona kwa Muhindi, za Wazungu na za Wahindi, sijaona mtu aliyeigiza kama wewe. Ndiyo maana waliamini."

Akatabasamu. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyotabasamu. Akakigeuza kichwa cha Naliaka ili mtoto anione.

"Umesikia mjomba anavyosema juu ya mama yako?" akamwambia. "Hebu rudia, Peterson, mtoto asikie vizuri."

Naliaka akanitazama kwa yale macho yake mawili. Nikarudia.