Mgongo Uliolowa Korongoni

Asante, Mungu wangu, uliyenilinda Bukavu, ukanilinda njiani, na unayenilinda hapa Dzaleka, kambini kwetu wakimbizi. Sifa ni zako kabla sijasema langu.

Sisi watu wa maombi tuliotoka Kivu, kwenda kufunga porini tunakuita kuingia jangwani, hata pakiwa na miti. Lakini mahali tulipokwenda mwaka jana, kabla ya mvua, palistahili jina hilo: korongo la mawe matupu nyuma ya vilima, na mto uliokauka chini yake. Hakuna njia inayofika huko. Ndiyo maana tulipachagua. Njiani hukosi wachoma makaa, na mtu anayemlilia Mungu hapendi watazamaji.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu ni fundi cherehani kutoka Uvira, na figo zinamsumbua. Kliniki walimwonya asikae bila maji. Akaamua kufunga chakula tu, siku tatu, aombe uponyaji. Mke wake alikubali kwa sharti kwamba mimi niende naye.

"Muzee," aliniambia mlangoni, "nakupatia mutu, unirudishie mutu. Si maiti, si hadithi."

Mimi nilibeba mablanketi, sufuria ndogo na unga wa uji wa siku ya tatu. Yeye alibeba maji, dumu la lita kumi, katika mkoba wa mgongoni nilioununua mtumba soko la Tsoka, mjini Lilongwe. Kamba zake zilikuwa zimekatika; alizishona upya usiku wa kuamkia safari, akajisifu kwamba sasa ungebeba hata ng'ombe.

Tuna desturi moja. Tukishaacha njia, hakuna kusema mpaka sala ya kwanza, na anayetangulia hageuki nyuma. Tuliteremka hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, tukishika mawe kwa mikono, mahali pengine tukiserereka kwa makalio. Katikati ya mteremko niliona mgongo wake umelowa. Nikajiambia ni jasho. Baadaye nikaona tone likianguka juu ya jiwe, na jingine. Jasho halidondoki hivyo. Lakini nilifunga mdomo, nikiomba tufike upesi.

Tulipofika chini tukasali. Baada ya "amina" tu nikafungua mkoba. Sindano yake kubwa ya magunia ilikuwa imebaki ndani ya kitambaa, na ilikuwa imetoboa dumu. Maji yaliyobaki chini ya tundu yalitosha vikombe vitatu.

"Mugongo ilikuwa baridi," akasema. "Nilifikiri njo neema inashuka."

"Mi niliona maji inadondoka."

"Uliona? Na ukanyamaza?"

"Si tuliahidi?"

"Ee, muzee! Hata bubu anagongaka mutu ku bega!"

Akacheka. Mimi sikuweza. Akanywa kikombe kimoja, akapiga magoti, akaendelea kuomba kama mtu aliye kanisani. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Nilianza zaburi mara tatu, na kila mara nikajikuta nahesabu vikombe viwili. Jua lilikuwa limesimama juu yetu na mawe yalichoma mikono. Kumpandisha ukuta ule katika joto lile nisingeweza. Kisha nikaona anashika kiuno, midomo imekauka, naye anaomba kwa sauti zaidi ili nisitambue.

Sikungoja tena. Nikachukua sufuria nikafuata mto mkavu. Hapa Malawi nimewaona akina mama wakichimba mchanga wa mto wakati wa kiangazi, nami nikatafuta mahali kama pale wanapopenda kuchimba: kwenye kona, chini ya mwamba, penye majani mabichi. Mahali pa kwanza palikuwa mchanga tu. Pa pili vilevile. Pa tatu nilichimba kwa sufuria, halafu kwa mikono mpaka kiwiko, na vidole vikahisi baridi. Maji yalipanda polepole, ya rangi ya chai. Nililia kama mtoto, nikayachuja kwa leso yangu.

Niliporudi nikawasha moto.

"Unapika siku ya kufunga?" akauliza.

"Napika maji tu. We omba."

"Niombe nini, na moshi iko mu macho?"

Alikunywa sufuria baada ya sufuria, mpaka akatulia.

Asubuhi tulipanda kutoka, siku mbili kabla ya kutimiza ahadi yetu. Safari hii sikufunga mdomo hata kidogo. "Shika hapa. Jiwe ile inacheza. Pumzika." Mke wake alipotufungulia, nilisema tu, "Mama, mutu wako huyu." Alitutazama wote wawili, akaenda kutupikia uji.

Maumivu bado humjia, na siku hizi namsindikiza hospitali Lilongwe. Mungu nimemwomba msamaha, si kwa mfungo tuliouvunja, bali kwa yale matone niliyoyatazama nikanyamaza. Nina amani, lakini nikitembea nyuma ya mtu, macho yangu hayabanduki mgongoni kwake.

Nawe unayesoma, Bwana akupe maji mahali usipoyatazamia, na akuwekee nyuma yako mtu atakayekugusa bega mapema. Amina.