Nililisha matumbawe ya hotelini Kilwa kwa amonia, mpishi akayaonea huruma

Wakuu, salaam kwenu.

Leo nimechoka, sina hata nguvu ya kutunga uongo. Mtakachosoma ndicho kilichotokea, anayebisha abishe taratibu.

Ni miaka ile ya ruksa, wawekezaji wanaingia Kilwa Masoko kila mmoja na mradi wake. Mimi kijana wa Mitole, kazi niliyoijua ni jembe tu. Mwekezaji mmoja akajenga hoteli ndogo, pale mapokezi akaweka tangi kubwa la vioo. Ndani samaki wachache na matumbawe hai.

Ndiyo, matumbawe. Yale yale tunayoyachoma tupate chokaa. Nyumbani niliposema nimeajiriwa kuyatunza walicheka mpaka wakakohoa.

Kumbe ni viumbe, yanakula! Maji ya lile tangi yalichujwa yakawa masafi kupita kiasi, na samaki walikuwa wachache, uchafu wao hautoshi kuyashibisha. Matumbawe yakapauka. Bosi akaleta chupa ya amonia, ile ile inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Kila asubuhi navuta kidogo kwa bomba la sindano, nachanganya kwenye ndoo ya maji, namimina polepole. Kisha napima maji nione kama amonia haijazidi.

Harufu yake msiombe. Choo cha stendi kina nafuu.

Basi yakaanza kurudisha rangi, zambarau, kijani. Nilifurahi, siwafichi. Bosi akasema wenzake wa kampuni watakuja kuona hoteli, na tangi likiwapendeza ananipa ajira ya kudumu. Nilikuwa kibarua, mke ana mimba. Ile ajira niliitaka kuliko kitu chochote.

Bosi akiwa Dar kuwafuata hao wageni, baba yangu mdogo akafariki kule Mitole. Msiba huo, unakwepaje? Nikamwachia tangi mpishi wetu, Mama Zuhura, mtu mzima wa heshima zake. Nikamwonyesha kipimo.

"Mama, chakula chao ni hiki tu. Usizidishe."

"Nenda kazike, mwanangu. Hawa nitawaangalia."

Nilisema chakula kwa sababu bosi mwenyewe ndivyo alivyokiita.

Mvua ikaharibu barabara, nikachelewa. Narudi, mlangoni tu harufu ikanipokea. Samaki wote wanaelea. Matumbawe yamenywea, yanatoa ute.

Nikamfuata jikoni. "Mama, umewapa nini?"

"Chakula chao. Lakini Saidi, kile kidogo jamani! Tangi lote lile, vitone? Nikasema huu ni ubahili wa bosi, ngoja nao washibe japo siku moja."

"Na harufu hukuisikia?"

"Samaki ng'onda nao wananuka, mbona tunakula?"

Nikaanza kuchota maji ya bahari, ndoo kwa ndoo, kubadilisha yale ya tangini. Yule mama alipoelewa alichofanya naye akajitwika ndoo, anabeba huku analia. Wapi! Tumbawe likishaanza kubanduka nyama halina dawa. Likabaki jeupe, jiwe.

Bosi akatokea na wageni wake. Kabla sijafungua mdomo, Mama Zuhura akasema, "Ni mimi."

Bosi akamjibu yeye kaajiriwa kupika, tangi lilikuwa la Saidi. Nikafukuzwa palepale, wageni wananitazama.

Yaani wakuu, nilitaka kumtukana yule mama matusi yote niyajuayo. Nikaenda jikoni nimeshajiandaa. Namkuta anapakua wali wa nazi, sahani imejaa mpaka unamwagika, na kipande cha samaki juu.

"Kula mwanangu, una safari."

Nikala nimenuna. Nikifika katikati, anaongeza. Nikisema basi mama, anaongeza. Nilimaliza yote, nikamshukuru, nikaondoka.

Funzo nililopata: ukimwachia mtu kazi yako, usimpe kipimo tu, mwambie na kikizidi kinafanya nini. Hilo limenigharimu ajira.

Haya, uwanja ni wenu. Wale wa "ningekuwa mimi ningemfokea" naomba mnieleze vizuri: ungeanzia wapi kumfokea mtu ambaye bado anakuongezea wali?