Mchawi Asiye na Kwao

Euphan Gowans hakuwa mtu wa kuambiwa apishe. Aliishia shule ya msingi, akaingia banda la kukaushia samaki kwa moshi akiwa binti, akatoka mjane, vidole vimekakamaa, ulimi uko vilevile. Huko Pitcarron, pwani ya Scotland, kila mwaka ilipofika siku ya kuwakumbuka wanawake waliochomwa zamani kwa kusingiziwa uchawi, yeye ndiye aliyeyataja majina. Aliyapokea kwa mama yake, mama akayapokea kwa bibi.

Mwaka huo Dougal Peattie, mwenyekiti wa kamati na mwenye mgahawa, akamjia na kitabu kinene kama tofali.

"Shangazi, safari hii tumempata mwandishi. Atasoma riwaya yake. Wewe upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Majina matupu hayavuti watalii, Shangazi. Kisome kwanza."

Akakisoma chote, maana hakuwa mtu wa kutukana chungu asichokionja. Lo! Mchawi mwenyewe, Morwenna, anaoza gerezani majira mazima, anatoka nywele zinang'aa kama katoka saluni. Hakimu anampenda. Kunguru anampa ushauri, na kunguru huyo ndiye pekee mwenye akili humo ndani. Siku ya kuchomwa, moto unageuka vipepeo, naye anapaa na hakimu wake.

"Vipepeo!" Euphan alimwambia jirani yake, Grizel. "Janet Dishington walimkaba kwa kamba, ndipo wakamtia moto, kwa sababu ng'ombe wa jirani alikauka maziwa. Vipepeo wake walikuwa wapi?"

"Lakini jalada zuri, dada."

"Hata jeneza lina vishikio vizuri."

Grizel akacheka, Euphan hakucheka. Majina yakirukwa mwaka mmoja, mwaka wa pili nani atayauliza?

Siku ikafika. Pale kwenye jiwe la ufukweni, Bi Arabella Thwaite, mwandishi, alisimama na joho jeusi akasoma, akasoma, mpaka mbwa wa mtu akalala. Dougal alikuwa amemweleza desturi ya hapo: jina likitajwa, ukoo wake huitikia "Wa kwetu!" Bi Arabella aliipenda sana. Basi alipomaliza akainua mkono, akapaza sauti:

"Morwenna!"

Kimya. Watalii wakawatazama wenyeji. Wenyeji wakatazama viatu vyao. Pitcarron huwezi kumwitikia marehemu asiye wako. Ni kama kuingia msibani usikoalikwa ukadai kubeba jeneza.

"Morwenna!" akarudia, sauti imepungua.

"Jamani, mmoja aitikie tu," Dougal akanong'ona.

"Itikia wewe," Grizel akamjibu. "Si wewe uliyemleta?"

Dougal akafunua kinywa. Mama yake mzazi, aliyesimama mbele, akamkazia macho. Akakifumba.

Euphan hakuomba ruhusa. Alisogea mpaka kwenye jiwe, Bi Arabella akajikuta amepisha.

"Janet Dishington."

"Wa kwetu!" wakaitikia Grizel na nduguze.

"Bessie Cargill."

"Wa kwetu!"

"Marjory Peattie."

Watu wote wakamgeukia Dougal.

"Wa kwetu," akasema.

"Paza sauti, mwanangu," Euphan akamwambia. "Huyu hakuwa na kunguru wa kumsemea."

"Wa kwetu!"

Euphan akaendelea na jina lililofuata.