Mluzi wa Gari la Mama Mkwe

Mtaani kwetu wananiita Sikio, na kosa ni langu mwenyewe, kwa sababu nililipenda hilo jina. Mteja akileta gari, sikuwa naanza na spana kama mafundi wengine wasio na maringo. Nilikuwa nachukua bisibisi ndefu, ncha naiweka kwenye injini, mpini naubana sikioni, halafu nafumba macho na kukunja uso. Gereji nzima inanyamaza. Baada ya dakika moja nafumbua macho na kutaja ugonjwa. Jamani, nilijiona!

Shida ni kwamba hilo sikio lilikuwa limestaafu miaka miwili nyuma bila kuniaga. Miaka ishirini ya kusaga vyuma na kugonga mabati ilikuwa imefanya kazi yake. Sauti nene bado nilikuwa nazipata, ila nyembamba zilinihama, na maneno ya watu yalinifikia nusunusu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Fundi anayeitwa Sikio atamwambia nani kuwa hasikii? Wateja wangeondoka siku hiyohiyo, na mimi kazi nyingine siijui. Kwa hiyo nikajifunza kuitikia "eeh" na "sawa" na kutikisa kichwa kwa busara, huku maneno yaliyopotea nayajazia mwenyewe. Bisibisi niliendelea kuifumbia macho, lakini magonjwa nilikuwa nabahatisha.

Basi Jumanne moja mama mkwe akaleta gari lake.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu, mtu wa kusema jambo mara moja tu. Kigari chake kina turbo, yaani kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini na kuishindilia injini hewa, ili gari dogo livute kama kubwa. Nilimwamkia, akaitika, akaeleza. Likisimama kwenye taa, injini haitulii, inapanda na kushuka yenyewe. Likipanda mlima, nguvu hakuna. Hayo niliyapata kwa sababu aliyasema akinitazama, tena kwa mikono. Kisha akainama kuchukua mkoba kwenye kiti, akasema neno la mwisho akiwa amenipa mgongo. Mimi nilisikia: "Napika mchuzi."

Nilifurahi kweli. Mama mkwe si mtu wa kukaribisha watu hovyohovyo.

"Nashukuru sana, mama," nikasema. "Tutakuja Jumamosi."

Akapachika mkoba begani, akanitazama. "Haya," akasema. "Karibuni."

Nikaingia kazini. Nikaweka plagi mpya. Nikasafisha mlango wa hewa wa injini mpaka ukang'aa. Nikabadilisha sensa inayopima hewa. Kila nikimaliza naubana mpini sikioni, nafumba macho, nakunja uso, na injini inaendelea kupanda na kushuka bila aibu. Ijumaa nikatangaza mbele ya wateja kuwa turbo imekwisha, inatakiwa nyingine. Nilisema kwa uhakika mkubwa, maana sikuwa na uhakika wowote.

Jumamosi nikamchukua mke wangu kwa gari lilelile, nikijidai nalijaribu. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, nimeacha nafasi. Tukamkuta mama anafua mapazia. Tukapewa chai. Nikanywa taratibu, nikinusa upande wa jikoni. Hakuna harufu. Kikombe cha pili, kimya. Mwishowe nikaona nichokoze kidogo.

"Mama, ule mchuzi wako vipi, haujaiva tu?"

"Mchuzi gani?"

"Ule ulioniambia unapika."

Mama akaweka kikombe chini. "Nilikuambia gari linapiga mluzi," akasema kwa sauti ya darasani. "Nikikanyaga mafuta kupanda mlima, linapiga mluzi."

Mke wangu alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mimi nikacheka pia, kwa sababu ningefanyaje, nikasema gereji ina kelele nyingi. Mama hakucheka. Alimwangalia binti yake, akaniangalia mimi, akaniletea mkate.

Wakati wa kurudi kuna mlima mmoja mrefu. Nikakanyaga mafuta. Gari likapanda kwa kujikokota, na mke wangu akashika dashibodi.

"Huo hapo!" akasema. "Mluzi wenyewe huo. Unausikia?"

"Nausikia," nikasema. "Ndiyo hiyo turbo."

Tukafika juu, tukaanza kuteremka upande wa pili.

"Na sasa hivi?"

"Nausikia vizuri tu."

"Umekwisha tangu tulipofika juu."

Hapo nilijiona mjinga wa daraja la kwanza. Fundi yeyote anajua kwamba kwenye mteremko mguu hauko kwenye mafuta, turbo haishindilii kitu, na hakuna hewa ya kupiga mluzi. Hata uongo wa kazi yangu mwenyewe ulikuwa umenishinda. Nikaegesha kando ya ukuta, nikazima injini.

"Tangu lini?" akauliza. Sasa hakuwa anacheka.

"Miaka miwili."

"Miaka miwili." Akatazama mbele. "Na mimi nilidhani umenichoka. Nakuita, huitiki. Nakusimulia jambo, unasema eeh, unaangalia pembeni. Mpaka mama nilimwambia, mume wangu amenichoka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia sijamchoka hata siku moja. Akasema, "Sasa nitajuaje?" Nikawasha gari.

Jumatatu nikafanya jambo ambalo Sikio asingelifanya. Nikaenda kwa jirani yangu, fundi pancha, ambaye miaka yote nilikuwa namwona mtu wa upepo tu, nikamwomba msaada. Yeye hasikilizi kitu. Anajaza mpira upepo, anaupaka povu la sabuni, anaangalia panapotoa mapovu. Tukaziba mdomo wa kuvutia hewa, tukapuliza upepo kidogo kwenye mabomba ya ile injini, tukapaka povu kila mahali. Haikupita dakika tano. Chini kabisa, nyuma ya mlango wa hewa, kimpira chembamba kikaanza kutoa mapovu. Kilikuwa na ufa upande usioonekana.

Ufa mmoja, shida zote mbili. Injini ikiwa imetulia, hewa ya wizi inaingilia hapo, ndiyo maana haitulii. Turbo ikishindilia, hewa inatokea hapohapo ikipiga mluzi, na nguvu inakwenda nayo. Turbo yenyewe ilikuwa nzima kabisa, masikini, na mimi nilishaisomea hukumu. Fundi pancha alipangusa mikono, akatabasamu, nikajua hilo tabasamu nitakutana nalo mwaka mzima.

Mama alipokuja kuchukua gari, wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Akalizungusha mtaani, akarudi ameridhika. "Umejuaje?" akauliza.

Jina langu lote lilikuwa kwenye hilo jibu.

"Binti yako ndiye aliyesikia," nikasema. "Mimi sisikii vizuri, mama. Masikio yangu yameharibika."

Mteja mmoja akainuka, akachukua ufunguo wake kwenye msumari, akasema amekumbuka safari. Hajarudi mpaka leo. Wa pili akanisogelea na kuanza kunipigia kelele za ugonjwa wa gari lake, utafikiri niko ng'ambo ya mto. Mama akamnyamazisha kwa kidole.

"Darasani, asiyesikia nilikuwa namkalisha mbele," akaniambia taratibu, akinitazama usoni. "Sikuwahi kumpiga. Mbona hukusema?"

Jioni hiyo nikakaa jikoni mbele ya mke wangu, mahali ninapouona mdomo wake. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia anitajie yote niliyoyajibu ovyo. Akaanza na ya kuchekesha. Aliniambia paa linavuja, nikasikia baba anakuja, nikamjibu, "Mkaribishe ndani." Aliniambia dada yake ameolewa, nikasikia dagaa wameoza, nikamwambia akawatupe nje. Tukacheka sote, mpaka akakiweka kisu chini.

"Mwaka jana nilikuambia nimeitwa hospitali," akasema. "Wameona kivimbe kwenye titi. Nikakuambia naogopa kwenda peke yangu. Ukasema, 'Sawa, tangulia, nakuja.'"

Nikakisukuma kisu pembeni.

"Nikatangulia. Nilikaa kwenye benchi nakutazamia mlangoni, mpaka waliponiita."

"Wakasemaje?"

"Hakikuwa kitu kibaya. Walikitoa siku ileile."

Nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikaishika mikono yake na maji ya viazi yote. Nikamwomba anisimulie siku ile upya, yote, tangu alipotoka nyumbani.

"Ilikuwa Alhamisi," akaanza.