Mektilda na Kipimo cha Kufungua Kichwa

Laiti mngewaona Mektilda na mumewe Protasi wakichimba ngoro, mashimo ya kilimo cha mlimani, kule Kitura, mngetamani kuwasaidia. Protasi hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba mlimani. Mektilda hufuata na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani kwa udongo, libaki shimo la kutega maji ya mvua. Na juu ya yote, utani.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kujaa Mbinga, Mektilda alianza kukosea. Ikifika saa sita mchana anafukia shimo, majani anayaacha wazi.

"Mama Ladislaus, leo unamzika nani?" Protasi akamcheka.

"Nakuzika wewe. Macho yameingia ukungu, na mguu huu kama si wangu."

Lakini akishuka mtoni akajimwagia maji baridi, anarudi anachimba sawasawa. Protasi akaona ni uvivu uliopambwa. Siku mkono wa mkewe ulipokataa hata kushika kijiko, hakucheka tena. Wakauza magoma, yaani kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa, wakapanda basi hadi Dar es Salaam.

Picha ya kichwa ilionyesha doa kubwa kwenye ubongo.

"Huenda ni saratani," daktari akasema. "Huenda ni multipo sklerosisi, kinga ya mwili inaposhambulia ubongo wenyewe. Huku kwetu ni nadra, na kwa sura hii ni nadra zaidi. Ili kuwa na uhakika tufungue fuvu, tukate kipande cha hilo doa tukipime."

"Nikiamka nitaweza kusema?"

"Wengi huweza. Siwezi kukuapia, mama."

"Sina shamba kubwa, dokta. Nina mdomo tu."

"Huo nauthibitisha mimi," Protasi akadakia. Kisha, kwa aibu, akasimulia habari ya saa sita na maji ya mtoni.

Daktari akaweka kalamu chini. "Jua likiwaka anazidiwa, akipoa anarudi? Baba, hilo halikuandikwa popote kwenye faili lake. Linaelekea kwenye ule ugonjwa wa pili. Tunaweza kumpa dripu ya dawa siku tano, tupige picha tena baada ya mwezi. Ila kama ni saratani, mwezi huo tumeupoteza."

Protasi akamtazama mkewe. Mektilda akasema, "Tusubiri."

Mwezi huo walikaa kwa Tadea, dada yake Protasi, wote wakijifanya wana hamu ya chakula. Picha ya pili ikatoka: doa limepungua zaidi ya nusu.

"Sikufungui," daktari akasema. "Utarudi tukuangalie."

"Na jina la ugonjwa?"

"Nimeliandika kwa penseli kwanza, mama."

Mektilda akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alizungumza kutoka Ubungo hadi Songea bila kupumzika, na Protasi, ambaye kwenye basi husinzia kabla halijaondoka, hakufumba jicho.