Mwonjaji wa Musonoi na Chupa Iliyonuka Mbao

Habari nilizipata sokoni Kolwezi, nikiwa nabishana na mama muuza samaki wakavu. Alinikatiza ghafla, akaniuliza nafanya nini pale wakati Musonoi nzima iko kwenye kilio. Kilio cha nani tena, mama? Akanitazama kama mtu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. "Tata wa kuonja! Alikufa jana. Na weye uko hapa unachagua samaki!" Niliacha samaki, niliacha kapu, nikaenda. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba ukurasa huu hauwaandiki wakubwa. Hao wana redio. Leo naandika juu ya mtu ambaye kazi yake ya mgodini ilijulikana na wachache, lakini kinywa chake kilijulikana na cité yote, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu, siku upande wa mume unapoleta mahari na vinywaji, hakuna anayegusa kikombe mpaka mtu mmoja wa upande wa mke aonje mbele ya wote na kutoa hukumu kwa sauti. Zamani ilikuwa woga wa sumu. Siku hizi ni zaidi kujua kama wakwe wanakuheshimu au wanakuchezea. Marehemu, ambaye sote tulimwita tata, yaani baba, alionjea familia nyingi za Musonoi. Asili yake Kasai, mchomelea vyuma katika karakana ya mgodi, na mwenye majivuno yasiyo na dawa. Abakosti yake, ile suti ya enzi zile isiyovaliwa na tai, ilipigwa pasi hivi kwamba alikaa kwa tahadhari kama mwenye jipu. Siku ya kuonja hakujipaka marashi, hakuvuta sigara tangu asubuhi, na alidai sahani ya bukari baridi, ugali wetu, amege kidogo kati ya funda na funda ili kusafisha ulimi. Wanawake walimcheka: "Tata, bukari bila mboga?" Naye alijibu kwa uso mkavu, "Mama, kinywa yangu iko ku kazi." Na pamoja na kuonja kote huko, sikuwahi kumwona amelewa.

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu kijana, na alasiri nilikuwa namfundisha Kiswahili Mmarekani mmoja aliyekuja na mashine za kuchimba. Siku ya kurudi kwao tuliagana kwa glasi moja moja ya whisky ya kwao, wanaiita bourbon, halafu akanisukumia chupa, karibu imejaa. Niliikumbatia! Upande wa mchumba wangu ulikuwa umetaka whisky ya ng'ambo, na miaka ile rafu za maduka zilikuwa zimebaki na sabuni na vumbi. Nikasema Mungu kaniona. Haikunijia akilini kwamba chupa iliyokwisha kufunguliwa, mikononi mwa kijana mwenye haraka ya kuoa, ni kesi tayari.

Maana nani asiyejua ujanja wa siku zile? Unachukua lutuku, ile pombe kali ya mahindi tunayoipika nyuma ya nyumba, unaitia rangi kwa sukari iliyoungua au kwa gome la mti, unaimimina katika chupa ya kizungu, tayari umekuwa na whisky. Basi Jumapili ya mahari, mchana, uani kwa wakwe, mjomba mkubwa wa mchumba wangu, mwenye sauti katika familia, aliinua chupa juani, akaona kifuniko kimefunguliwa, akanusa, uso ukakunjamana. "Hii inanuka mbao! Inanuka kabati! Banatuletea lutuku ya kutia magome!" Baba yangu akawa anaangalia viatu vyake. Nyuma ya pazia la mlango nilijua msichana wangu anasikia kila neno. Kuwaletea wakwe pombe ya bandia ni tusi, na familia iliyotukanwa hivyo haikupokei tena. Ningerudi kwetu nimemkosa yeye, na baba yangu amefedheheka. Mjomba akamgeukia mwonjaji. "Tata, onja, useme." Alisema kama mtu ambaye jibu analo mfukoni.

Mwonjaji hakukimbilia. Alidondosha matone kiganjani, akasugua viganja, akangoja ukali upae, akaziba uso kwa mikono na kuvuta pumzi, macho yamefungwa. Kisha funda dogo, likazunguka mashavuni. Akamega bukari. Funda la pili, safari hii na maji kidogo. Akakunja uso. "Mbao ni mingi," akasema. "Mingi sana! Ni kama umelamba mulango ya kanisa." Watu wakaangua kicheko, mjomba akaanza kusimama. "Kaa, tata, sijamaliza. Ku mwanzo kuko vanille na sukari ya kuungua. Katikati ni mbao, inakausha ulimi kama chai ya kusahau mu birika. Lakini chini ya mbao kuko mahindi, sawa ile yetu. Lutuku ni mahindi ya jana, ingali na moshi. Hii baliilalisha mu pipa myaka na myaka, mpaka pipa njo inasema, mahindi inanyamaza. Mi sipende. Mwenye kuipika angeitoa mu pipa mapema. Lakini ni ya kweli, na huyu kijana alileta kitu ya kweli. Kusema sipende, ile ni kinywa yangu. Kusema ni lutuku, ile itakuwa uongo." Akaweka glasi chini, akarudia bukari yake.

Nilioa. Chupa ilimalizwa siku ileile, na walioiita kabati ndio waliotaka glasi ya pili. Lakini katika harusi zilizofuata za familia ile sikumwona tena kwenye kiti chake. Nilipomuuliza alisema sigara zimemharibia ulimi, kinywa kimezeeka. Nikaamini, kwa sababu mtu mwenye majivuno kama yake asingekiri hivyo kama si kweli.

Hukumu ile nimeibeba miaka yote. Tunaishi katika nchi iliyobadilishiwa jina, pamoja na mto wake na pesa yake, na sisi wenyewe tukabadilishiwa majina tukiwa watu wazima wenye ndevu. Kesho yake tukaketi mezani walewale, na njaa ileile. Ningedhani watu wa namna hiyo wamejifunza kutotegemea maandishi ya juu ya chupa. Wapi! Tunasoma lebo kwanza, na lebo isipotusaidia tunatumia ulimi wetu wenyewe kama sheria: nisichokizoea ni bandia, nisichokipenda hakifai. Kapita, msimamizi wa kazi, akimwona kijana anafunga nati kwa njia asiyoijua, anasema hajui kazi. Nami darasani, nikikutana na insha iliyoandikwa kwa mtindo unaonikera, kalamu nyekundu huanza kuwasha vidole. Hapo namsikia mchomelea vyuma yule na mlango wake wa kanisa, nami naisoma insha upya. Wanafunzi wengi wamepita mikononi mwangu salama kwa ajili yake, na hawamjui.

Pale kilioni nilikaa karibu na mjomba mkubwa, sasa mzee wa mkongojo. Alikuwa akilia kwa namna iliyotutia haya sisi tuliokaa na macho makavu. Akanivuta mkono. "Mukwe, nikuambie kitu. Siku yako ile tulikuwa na muntu mwingine wa kumupa mutoto, wa ku mugodi, mwenye cheo. Asubuhi nilimuita tata, nikamuambia: ile kijana hata akaleta nini, useme ni mubaya. Akaitika. Njo maana alivyokunja uso, nikajua bimekwisha." Nikamuuliza, sasa kwa nini aligeuka? "Na mi nilimuuliza, na kasirani! Akaniambia: Ndugu, nilikuja pale kukusaidia. Lakini ile kitu ikaingia mu kinywa. Ulitaka nifanye nini?" Mzee akacheka, machozi yakimteremka. "Hatukumuita tena. Myaka yote hii, hakukuambia?" Hakuniambia, tata. Wala mara moja.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anasonga bukari. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akakaa chini, akalia. Kisha akamega tonge, akanipa, akamega lingine, akala, bila mboga. Tulitafuna, na nilishukuru kuliko nilivyowahi kushukuru kanisani. Wanaotupenda wanatusifu, na kwao kazi hiyo ni nyepesi. Mke niliye naye na watoto wanaoniita baba nimewapata kwa kinywa cha mtu ambaye hakukipenda nilichokileta, aliyekuwa ameahidi kukikataa, na kilipofika kwenye ulimi wake akakunja uso na kusema kweli.